Mume Wangu Alipogonga Dashibodi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba gari ni jambo la wanaume. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanda, kukaa na kushuka. Tunaishi Soweto, hapa Mbeya, karibu na barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori hunguruma usiku na mchana. Lakini kwangu mlio wa injini ulikuwa kelele tu.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Alipostaafu alinunua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika huko Japani, akaitunza kama kitinda mimba. Mwaka 2015 akapatwa na kiharusi. Tunamshukuru Mungu alipona, ila mkono wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Ikanilazimu kujifunza kuendesha nikiwa na miaka 51, maana alitakiwa kwenda kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, na nauli za teksi zilikuwa zinatumaliza.

Siku hizohizo nikaanza kuona doa jeusi chini ya gari kila asubuhi. Katika gereji ya kwanza niliyokwenda, walichungulia chini wakasema ni siili ya nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Wakashusha giaboksi, wakabadilisha siili, nikalipa. Baada ya wiki tatu doa likarudi. Nilijisikia mjinga. Badala ya kuuliza tena, nikatandika gunia chini ya gari ili wageni wasione. Oili niliongeza nilipokumbuka, na mara nyingi sikukumbuka.

Julai 2016 tulikuwa tunarudi kutoka msibani Igurusi. Tulipoanza kupanda mlima wa Inyala, taa nyekundu yenye picha kama ya birika ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikasema moyoni, "Uyole si mbali, tutafika."

Ndipo mume wangu akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kugonga dashibodi kwa vifundo vya vidole: ngo, ngo, ngo. Nilidhani amechoka. "Vumilia, mzee wangu," nikamwambia, "tunafika sasa hivi." Akagonga kwa nguvu zaidi, akinikazia macho. Hapo ndipo nikasikia. Alikuwa anaiga mlio uliotoka chini ya injini, mlio mzito, ambao kila nilipokanyaga mafuta ulizidi. Nikasogea pembeni, nikazima.

Nilimpigia simu kijana mmoja fundi, jirani yetu wa Soweto. Akaja kwa daladala na galoni ya oili mkononi. "Shikamoo baba, shikamoo mama," akatuamkia, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Akanieleza kwamba gari linapopanda mlima, oili kidogo iliyobaki hukimbilia nyuma, na pampu hubaki ikivuta hewa. Chuma husagana na chuma. "Mama," akasema, "ungeng'ang'ania kufika Uyole, injini ingenoki."

Alijaza oili na kuwasha kidogo. Mlio ulipungua lakini haukwisha, hivyo akakataa gari lisiendeshwe. Tukavutwa mpaka nyumbani. Beringi za konrodi zilikuwa zimeanza kulika, ikabidi zibadilishwe. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ada ya mtoto wetu wa mwisho ilikwenda humo. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya gunia langu.

Lakini oili ilikuwa inatokea wapi? Kijana yule hakukimbilia kushusha giaboksi. Alifunika sehemu za umeme kwa mifuko ya nailoni, akaiosha injini yote, akaacha ikauke. Kisha akaniomba poda ya mtoto. Nilicheka, nikadhani ananitania. Akainyunyiza nyuma na pembeni mwa injini, akawasha gari na kuliacha lingurume. Baada ya muda akaniita na tochi. Katika weupe wa poda palikuwa na michirizi ya kahawia, na haikuanzia chini. Ilianzia juu kabisa, kwenye gasketi ya mfuniko wa vali, ambayo ilikuwa imekakamaa kwa uzee. Oili ilitiririka mgongoni mwa injini na kudondoka pale penye siili. Nilikuwa nimelipia mahali tone lilipoangukia.

Akafungua bomba dogo la kutolea pumzi ya injini. Lilikuwa limeziba kwa masizi. "Hili nalo limechangia, mama," akasema. "Injini hii ilikuwa na presha. Haikuwa na pa kupumulia, basi oili ikatafuta pa kutokea."

Neno lile lilinichoma. Niligeuka nikamtazama mume wangu kwenye kiti chake kibarazani. Miezi kadhaa kabla ya kiharusi alikuwa akilalamika kichwa, nami nilimpa vidonge vya maumivu. Hatukwenda kupima. Siku alipoanguka, hospitali walikuta presha yake iko juu mno. Sisemi kila kichwa kinachouma ni presha. Daktari alitueleza kwamba mara nyingi presha haina dalili yoyote, na ndiyo maana hupimwa. Lakini vidonge vile navyo vilikuwa gunia.

Akina mama wenzangu, kama mna gari kuukuu nyumbani, msiogope kulitazama. Tandika karatasi ngumu chini yake usiku, uisome asubuhi. Tone la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu lenye utelezi huenda likatoka kwenye giaboksi ya otomatiki. La maji ya rangi ni la rejeta. Maji meupe matupu, baada ya kutumia kiyoyozi, hayana neno. Pima oili gari likiwa mahali pa tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia ndani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Sikilizeni pia. Mlio mwepesi kutoka juu, ti-ti-ti, katika asubuhi zetu za baridi za Juni na Julai, mara nyingi hutulia oili ikishapanda. Usipotulia, pima oili, kisha mwite fundi aangalie vali. Kilio kikali unapowasha, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Mlio mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta, huo usiusindikize hata hatua moja. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka mkiwa safarini, simama mahali pa salama uzime. Nyumbani patakusubiri.

Gari lile tunalo mpaka leo. Kila Jumamosi asubuhi nafungua boneti, na mume wangu hukaa kwenye kigoda akinishikia kitambaa cha kufutia. Maneno yake bado ni machache, lakini tumepata lugha yetu. Akigonga kwa ukucha, najua mlio uko juu. Akigonga kwa vifundo, najua uko chini. Akitulia, nafunga boneti.

Kisha nanawa mikono, nachukua kile kipimo tulichonunua, namfunga mkononi. Naandika namba kwenye daftari lilelile ninaloandikia oili. Kwa namba ile hatuna mlio wa kusikiliza, kwa hiyo hatuachi kuitazama.