Naseri ya Ofafa Jericho

Mapema miaka ya 1970, nilipoajiriwa kufundisha naseri ya kanju, yaani halmashauri ya jiji la Nairobi, mtaani Ofafa Jericho, Eastlands ilikuwa na watoto wengi kuliko vyumba vya kuwaweka. Baba yuko reli au kiwandani Industrial Area, mama yuko Gikomba anauza mboga, na mtoto wa miaka minne anashinda kibarazani. Mtaa wenyewe ulipewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Watoto waliletwa wakisema Kijaluo, Kikamba, Kikuyu na Kiluhya, lakini ikifika saa ya uji wote walikuwa wanagombania vikombe kwa Kiswahili.

Tulikuwa na ubao, chaki na sauti zetu. Asubuhi nzima tuliimba irabu, na mtoto aliyejua kuimba tulimhesabu kuwa amesoma.

Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianzisha mradi wa elimu ya awali kwa ufadhili wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na baada ya muda mawazo yake yakatufikia katika semina. Huko ndiko nilikosikia habari za Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba ya watoto San Lorenzo, Roma, Januari 1907. San Lorenzo ulikuwa mtaa wa vibarua. Wazazi wakienda kazini, watoto waliachwa peke yao wakiharibu kuta na ngazi, hadi wenye majumba wakaona afadhali watengewe chumba. Tulicheka sana, maana hiyo ilikuwa Eastlands tupu.

Vifaa halisi vya Montessori vya kufundishia hatukuweza kuvinunua, kwa hiyo mtaa ukavitengeneza. Maseremala wa kando ya Jogoo Road walitupa vipande vya mbao na mabaki ya msasa. Tukakata herufi za msasa na kuzibandika kwenye mbao, mtoto azipapase kwa kidole kabla hajashika chaki. Vizibo vya soda vikawa vya kuhesabia. Mikebe ya Kimbo tuliitia maharagwe, mchanga au kokoto, mtoto aitikise na kutafuta miwili inayolia sawa. Uji nao watoto wakaanza kujimiminia na vikombe kuviosha wenyewe, na aliyemwaga alijua kitambaa kiko wapi.

Akina mama hawakufurahi. Mmoja alinisimamisha mlangoni: "Mwalimu, mtoto nimemleta asome. Vikombe ataosha nyumbani."

Alikuwa na sababu. Kuingia darasa la kwanza kulikuwa na intavyuu, na asiyejua kuandika jina lake angeweza kurudishwa. Serikali ilipofuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne mwaka 1974, foleni zilirefuka na shule zikazidi kuchagua. Naseri tukabanwa katikati: semina inasema mtoto acheze, mlango wa shule unadai aandike.

Kilichotuokoa ni Jumamosi. Tuliwaita wazazi waje kukata herufi na kukarabati viti, na wakati wa kazi tukawaonyesha kila kifaa ni cha nini. Akina mama wengine hawakuwahi kuingia darasani. Walipitisha vidole juu ya msasa kama watoto wao, na wapo walioanza kuandika majina yao hapo, kabla ya kampeni ya ngumbaru ya mwaka 1979. Tangu hapo sikuulizwa tena habari za vikombe. Kamati ikaundwa, chama cha wazazi kikachanga pesa za unga na kuni, tukaongeza chumba cha pili. Kituo cha taifa cha elimu ya chekechea kilipoanzishwa mwaka 1984 na kuhimiza vifaa vinavyopatikana mtaani, sisi vizibo vyetu vilikuwa vimeshapauka.

Pigo lilikuja na habari njema. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifanya shule za msingi kuwa bure, na wanafunzi nchini wakapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Naseri haikuwa bure. Mzazi mwenye shilingi chache angelipia nini, na jirani kuna bure? Watoto wa umri wa naseri wakapelekwa moja kwa moja darasa la kwanza, wakabanana na wenzao kwenye madarasa yaliyofurika, na vyumba vyetu vikapwaya.

Leo, kwa Katiba ya 2010, chekechea ni kazi ya kaunti, na mtaala mpya unataka mtoto atende kwa mikono. Walimu vijana hunijia wakilalamika kwamba vifaa havijafika. Huwauliza kwanza kama wazazi wamewahi kuingia darasani siku isiyo ya kulipa ada. Wengi hujibu bado. Basi huwaambia waanzie hapo, Jumamosi hii, na msasa waulizie kwa fundi.