Waya za meno na dumu la togwa

Mtoto akifungwa waya za meno, jikoni nako hubadilika. Kwa familia moja ya Kilakala, Manispaa ya Morogoro, kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa miwa. Katika mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, kumwambia msichana wa miaka 15 aache kutafuna muwa ni adhabu. Lakini daktari alikuwa mkali: pingili moja ngumu inatosha kubandua kibati kilichogundishwa kwenye jino, na kukirudishia ni safari nyingine ya Dar es Salaam. Treni ya kisasa, iliyoanza safari kati ya miji hiyo miwili Juni 2024, imefupisha njia. Gharama ya waya iko palepale.

Kitu cha pili ndicho kilicholeta ubishi. Mama alisoma kwenye simu kwamba probayotiki, yaani bakteria hai wenye faida mwilini, huwakinga meno yasioze watoto waliofungwa waya. Vidonge alivikuta dukani, akaangalia bei, akavirudisha. Bibi, aliyekuwa ameteremka kutoka Kinole, kwenye Milima ya Uluguru, akiwa na dumu la togwa, alipoelezwa neno hilo alicheka. Kama wanaotafutwa ni wadudu hai, akasema, dumu lake limejaa.

Bibi hakukosea. Togwa huanza kama uji wa mahindi, mtama au ulezi. Ukipoa hutiwa kimea na kuachwa uchachuke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, palepale chini ya milima hiyo, waliichunguza wakishirikiana na wenzao wa Norway, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: togwa ina bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, akiwemo Lactobacillus plantarum, pamoja na hamira. Mwanza nako, mwaka 2004, kina mama wa Mabatini walianza kutengeneza mtindi wa probayotiki kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Lengo lao lilikuwa lishe na afya, hasa kwa wanaoishi na VVU.

Ila tumbo na meno ni mambo mawili. Waya na vibati hutega chakula pale mswaki unapopita kwa shida. Ukoga hujijenga, na ndani yake Streptococcus mutans hula sukari na kutoa asidi inayonyonya madini ya jino. Alama ya kwanza ni doa jeupe kama chokaa kuzunguka kibati, na linaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Ni uchungu kulipia meno yanyooke halafu waya zitolewe yakiwa na mabaka.

Je, probayotiki huzuia hayo? Baadhi ya majaribio kwa vijana wenye waya yalionyesha bakteria hao wabaya wakipungua mdomoni. Mengine hayakuona tofauti. Kuhusu ukoga wenyewe na fizi zinazovuja damu, ushahidi bado ni dhaifu. Tena kuna jambo ambalo matangazo ya vidonge hayalisemi: jamii ya Lactobacillus hupenda asidi, na baadhi yao hukutwa wamestawi ndani ya meno yaliyotoboka. Togwa ni chachu, na wengi huongeza sukari. Kuinywa kidogo kidogo mchana kutwa ni kuyaogesha meno kwenye asidi.

Mwafaka uliopatikana nyumbani hapo ni wa busara, na haukugharimu sana. Togwa hunywewa wakati wa chakula, bila sukari ya kuongeza, kisha msichana husukutua kwa maji. Mtindi pia unaruhusiwa, ule usiotiwa sukari. Pesa ya vidonge ilinunua dawa ya meno yenye floraidi na brashi ndogo zinazopenya chini ya waya. Usiku, baada ya mswaki, hakuna kinachoingia mdomoni isipokuwa maji.

Kioo kimehamishiwa karibu na dirisha. Kila Jumapili asubuhi msichana huyakausha meno ya mbele kwa kitambaa safi kabla ya kuyatazama, maana doa changa huonekana vizuri jino likiwa kavu.