Pombe Haiondoi Wasiwasi



Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero ana mengi ya kumnyima usingizi. Mto ukifurika, maji hufunika shamba. Mpunga ukitoa masuke, kweleakwelea hushuka. Na deni linangoja mavuno.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu hunifikisha kwenye madungu mengi. Nimewaona wakulima hodari wakinywa gongo ili wapate usingizi. Hawanywi kwa starehe. Wanakunywa kwa hofu.

Sikiliza, ndugu yangu. Pombe hutuliza moyo kwa saa chache tu. Ikiisha mwilini, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi. Ndipo mtu hunywa tena, na kesho huongeza. Mwisho mpunga unauzwa ungali shambani, na watoto wanalala njaa. Tena gongo nyingine ina sumu. Hupofusha macho, hata kuua.

Fanya hivi. Kwanza, mwambie mtu unayemwamini. Pili, nenda zahanati, au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Mweleze mganga hofu yako na kiasi unachokunywa. Wasiwasi uliozidi ni ugonjwa, na unatibika. Tatu, kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafula peke yako. Unaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Mganga atakuongoza upunguze kwa usalama.

Usione haya. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.