Somo la Pampu Nililolifundisha Vibaya

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa utabibu jambo lisilo sahihi, tena kwa kujiamini. Nilikuwa nikichora seli ya neva ubaoni, naweka pampu kwenye utando wake, kisha nasema: pampu hii hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu, kwa hiyo kila mzunguko ndani hupungua chaji chanya moja, na ndiyo maana ndani ya seli tunapima takriban milivolti -70. Hesabu ilikuwa nyepesi kukariri. Wanafunzi waliiandika kwenye mtihani, nami nikawapa alama zote.

Pampu ipo kweli. Jens Christian Skou wa Denmark aliigundua kwenye neva za kaa, akachapisha matokeo yake mwaka 1957, na mwaka 1997 akapata Tuzo ya Nobel. Kosa langu ni kuipa pampu sifa ya kazi isiyo yake.

Volti ya seli iliyotulia hutokana hasa na potasiamu inayovuja. Ndani ya seli kuna potasiamu kama milimoli 140 kwa lita, nje ni 4 au 5 tu, na utando una mifereji ya potasiamu ambayo hubaki wazi hata seli ikiwa imetulia. Potasiamu hutoka kupitia humo na chaji yake chanya, huku protini na fosfati zenye chaji hasi zikibaki ndani kwa sababu haziwezi kupita. Ndani panakuwa hasi, na uhasi huo huanza kuivuta potasiamu irudi. Karibu na milivolti -90 nguvu hizo mbili hulingana. Neva hutulia kwenye -70 hivi kwa sababu sodiamu kidogo nayo huvuja kuingia. Ioni zinazotoka ili kuleta volti hiyo ni chache mno, kiasi kwamba ile 140 haionekani kupungua. Julius Bernstein alikwisha kueleza nafasi ya potasiamu tangu 1902, kabla pampu haijajulikana. Maelezo yalikuwapo, mimi sikuyasoma.

Kilichonifumbua macho ni ouabaini, sumu iliyomo kwenye msunguti, mti ambao wawindaji wa Kigiriama na wa Kikamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Ouabaini huizuia pampu. Kama somo langu lingekuwa la kweli, neva ikitiwa sumu hiyo ingepoteza volti yake papo hapo. Haiwi hivyo. Hupotea milivolti chache tu, na huo ndio mchango wote wa moja kwa moja wa ile 3 kwa 2. Iliyobaki hufifia polepole, kadiri sodiamu inavyojaa ndani na potasiamu inavyokwisha. Ni kama pampu ya maji na tangi la juu: umeme ukikatika bomba huendelea kutoa maji, kwa sababu kinachoyasukuma ni kimo cha maji tangini. Pampu kazi yake ni kulijaza tangi.

Linaloniuma zaidi ni swali la mwanafunzi mmoja. Aliuliza: mgonjwa ambaye figo zimeshindwa kazi, potasiamu ikipanda kwenye damu, mbona moyo wake unaharibika ilhali pampu zake zinafanya kazi? Kwa somo langu, swali hilo halikuwa na jibu. Nilimwambia aandike nilivyofundisha, tukaendelea na mada nyingine. Jibu lilikuwa jepesi: potasiamu ya nje ikipanda kutoka 4 hadi 8, mlingano wa potasiamu husogea kutoka takriban milivolti -95 hadi -76. Volti ya seli za moyo hupungua ukubwa, mifereji ya sodiamu inayoanzisha pigo hulemaa, na moyo unaweza kusimama. Yeye alikuwa sahihi kutilia shaka, nami nilimnyamazisha.

Kama ulisoma kwangu na bado unalo lile daftari, tafuta mchoro wa seli ya neva, futa mshale unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye -70, na uuanzishe upya kwenye mifereji ya potasiamu. Na mgonjwa wa figo akiletwa kwako amelegea, mapigo yake yakienda polepole, usingoje: mfanyie kipimo cha umeme wa moyo na upime potasiamu yake saa hiyo hiyo.