Mwanamke Mweusi, Wimbo na Mimbari

Sisi tuliozoea kutunga mashairi twajua kuwa katika ngoma zetu anayeanzisha wimbo ndiye anayeongoza mchezo. Huitwa manju, wala hakuna amdhaniaye kuwa ni pambo la ngoma. Yeye ndiye ajuaye lini watu wamechoka, lini watiwe moyo, neno gani liachwe na lipi lirudiwe. Ajabu ni kwamba tuingiapo kanisani, kazi hiyo hiyo ikifanywa na mwanamke, twaiita kusaidia ibada.

Jambo hili limetukaa moyoni kwa sababu ya habari za ndugu zetu Weusi wa Marekani. Shuleni, harakati zao za kudai haki hufundishwa kwa majina ya wanaume, na wengi wao ni wachungaji. Sifa zao ni za haki. Hata hivyo, hebu tumtazame Fannie Lou Hamer.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Mississippi, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20. Wazazi wake walilima pamba katika ardhi ya mtu mwingine kwa mapatano ya kugawana mavuno, mapatano ambayo aghalabu yalimwacha mkulima na deni. Naye alianza kuchuma pamba angali mtoto mdogo. Agosti 1962, akiwa na miaka 44, alihudhuria mkutano katika kanisa la Williams Chapel, mjini Ruleville, na hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu Mweusi ana haki ya kupiga kura. Tarehe 31 ya mwezi huo, yeye na wenzake 17 walipanda basi kwenda Indianola kujiandikisha. Walipewa mtihani wa kufafanua katiba ya jimbo, mtihani uliotungwa ili washindwe. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti rangi yake ya manjano ilifanana mno na ya basi la shule. Abiria waliingiwa na hofu. Ndipo sauti ya Mama Hamer ikasikika ikianzisha wimbo wa kanisani, kisha mwingine, nao wenzake wakaitikia.

Tunauliza: je, huyo alikuwa akisaidia ibada? Sisi twaona kuwa ibada ilikuwa ndiyo hiyo, na kiongozi wake alikuwa yeye. Jioni ile ile mwenye shamba alimwamuru afute ombi lake au aondoke. Akaondoka. Juni 1963, katika jela ya Winona, alipigwa mpaka figo na jicho vikaathirika. Na hata humo alianzisha nyimbo. Mwaka 1964 aliyaeleza hayo yote mbele ya kamati ya chama cha Democratic huko Atlantic City, kwa sauti ile ile iliyozoea kanisa.

Lakini kuimba kuliruhusiwa. Kusema ndiko kulikopimwa. Katika maandamano makuu ya Washington, tarehe 28 Agosti 1963, Mahalia Jackson aliimba, na uwanja mzima ukatetemeka. Miongoni mwa hotuba kuu hapakuwa na hata moja ya mwanamke. Daisy Bates alipewa dakika chache tu katika kipindi cha kuwatukuza wanawake. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya maandalizi, alikuwa amekwisha kulalamika.

Desturi hiyo ilikuwa kongwe. Jarena Lee alimwomba Richard Allen, mwanzilishi wa Kanisa la African Methodist Episcopal, ruhusa ya kuhubiri, akakataliwa. Mwaka 1819, mhubiri mmoja mjini Philadelphia alipopoteza mwelekeo katikati ya mahubiri, mama huyo aliinuka kitini akayaendeleza. Allen alipomsikia alibadili nia na kumruhusu. Hata hivyo, Kanisa hilo lilianza kuwapa wanawake daraja kamili la uchungaji mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza mwanamke, Vashti McKenzie, alichaguliwa mwaka 2000. Mwalimu awape wanafunzi wake hesabu hiyo waitoe wenyewe.

Nasi huku tusijione wema. Katika kanisa tulilolelewa, mama zetu walizijua nyimbo zote kwa moyo, walifagia, walitoa sadaka ya mayai na mahindi, walikesha na wafiwa. Wazee wa kanisa wote walikuwa wanaume. Sala ndefu ya Jumapili ilitaja viongozi wengi, wa dini na wa serikali; hatukumbuki kusikia humo jina la mwanamke aliye hai.

Baadaye Mama Hamer alianzisha ushirika wa kilimo, mwaka 1969, pamoja na mpango wa nguruwe: kaya hupewa jike, kisha hurudisha watoto wake ili wapewe wengine. Wafugaji wetu wanaoujua mtindo wa kukopa ng'ombe na kulipa ndama watauelewa bila mfasiri. Alifariki mwaka 1977. Ibada ya mazishi ilifanyika Ruleville, katika Williams Chapel, kanisa lile lile la mkutano wa 1962. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Aliyehubiri alikuwa Andrew Young, mchungaji, ambaye mwaka huo alikuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa.