Tarakimu Zilizoniumbua

Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Mpenzi msomaji, haya yalinifika mbele ya darasa zima.

Muhula uliopita niligundua siri ya vipeo vya tatu, yaani nambari kama 8, ambayo ni 2 mara 2 mara 2. Vipeo vya tatu vya 1 hadi 9 ni 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343, 512 na 729. Hebu tazama tarakimu zao za mwisho: hakuna inayojirudia! Basi ukinipa 50,653 na kuniuliza "mzazi" wake, naona imeishia 3 kama 343, kwa hivyo mzazi ataishia 7. Nikifuta tarakimu tatu za mwisho inabaki 50, iliyo kati ya 27 na 64, yaani vipeo vya 3 na 4. Mzazi ni 37. Bila kitabu cha majedwali!

Lo! Kichwa kikavimba. Wenzangu wakaniita Profesa, nami nikaitika. Swali hilo lilipokuja kwenye jaribio, niliandika 37 tu, bila kuonyesha njia. Mwalimu akasema nimenakili. Uchungu ulinikaba kooni.

"Mwalimu, niulize nyingine yoyote!"

Akaandika ubaoni 41,063. Kabla hajaweka chaki chini nikapaza sauti, "37!"

"Kwani mzazi huyo ana watoto wangapi?" akauliza polepole. Darasa zima likaangua kicheko. Natamani ardhi ingepasuka initie ndani.

Kisha akatufunza. Jumlisha tarakimu za kipeo cha tatu mpaka ibaki moja: daima utapata 1, 8 au 9. 64 inatoa 10, kisha 1. 125 inatoa 8. Lakini 41,063 inatoa 14, kisha 5. Haina mzazi aliye nambari nzima! Tena tahadhari: hata 10 inatoa 1, na si kipeo cha tatu. Dawa ni kuzidisha.

Nilizidisha mbele yake: 37 mara 37 ni 1,369, mara 37 tena, 50,653. Alinirudishia alama zangu.

Wenzangu, siri yangu bado naipenda, ila siku hizi naonyesha njia. Jibu tupu la mkweli na la mwizi wa majibu hufanana kama shilingi kwa ya pili.