Mama wa Kwenye Picha

Sisi tuliokulia Morogoro katika miaka ya sitini hatukuhitaji mkalimani ili kumwelewa Nargis. Picha zake zilisema Kihindi, nasi Kihindi hatukukijua. Hata hivyo mtu akishatoka sinema aliweza kukusimulia kisa chote, na nyimbo akakuimbia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fatima Rashid. Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Juni 1929. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengenezaji wa filamu, na ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo angali mtoto. Mwaka 1943, akiwa kigoli, akawa stelingi katika Taqdeer. Kisha ukaja wakati wake na Raj Kapoor, na hasa Awaara ya mwaka 1951, iliyopendwa huku kwetu kama ilivyopendwa Urusi.

Lakini iliyotuingia moyoni zaidi ni Mother India ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan. Humo Nargis ni Radha, mke wa mkulima. Mama mkwe ameweka shamba rehani kwa mkopeshaji ili kulipia harusi, na riba haiishi. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu kulishwa, anaondoka asirudi. Yanakuja mafuriko na njaa. Radha anajifunga jembe la kukokota mabegani mwake mwenyewe.

Nani Uluguru angehitaji kufasiriwa hayo? Mwanamke anayepanda mlima alfajiri, mtoto mgongoni na jembe begani, tulimwona kila siku. Kumbukumbu ya mwaka 1955, watu wa milimani walipoyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa bado mbichi majumbani.

Mwishoni Birju, mwana mpenzi wa Radha, anageuka jambazi. Anamuua mkopeshaji na kumteka binti yake. Radha anamwambia amwachie binti wa watu; anapokataa, anampiga risasi mwanawe.

Nilimsimulia bibi yangu mzaa mama kisa hicho. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, wajomba zake walikuwa wapi?" Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika malezi yake. Kwa bibi, msiba haukuwa ile risasi. Msiba ulikuwa kwamba mama yule aliachiwa peke yake hukumu ambayo ilipasa kubebwa na ukoo mzima.

Maisha ya Nargis mwenyewe yalikwenda njia nyingine. Wakati wa kupiga picha hiyo moto ulimzingira, na aliyejitosa kumwokoa ni Sunil Dutt, mwanamume wa rika lake aliyekuwa akiigiza kama mwanawe Birju. Wakaoana Machi 1958. Mwaka huohuo alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Karlovy Vary, na picha yenyewe ikawa ya kwanza ya India kushindania Oscar ya filamu za kigeni. Akiwa kileleni hivyo, akaiacha kazi karibu yote, akashika nyumba, na baadaye akawatumikia watoto wenye ulemavu. Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia bungeni. Saratani ikamchukua tarehe 3 Mei 1981, siku chache tu kabla ya picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay kama stelingi kuonyeshwa.

Swali la bibi nimetembea nalo katika kazi. Nikiwa mkuu wa shule nilipata kutia saini barua ya kumfukuza kijana niliyemlea nyumbani kwangu. Alikuwa amemjeruhi mwenzake, na sheria ilikuwa wazi. Sikuona njia ya kumwachia huru bila kumdhulumu yule aliyeumia. Lakini kabla ya kumkabidhi barua nilipanda mlimani kumtafuta mjomba wake. Mzee yule alishuka nami, akakaa ofisini, akasikia yote, kisha akasema, "Mwalimu, wewe umemaliza sehemu yako. Sasa nipe mimi sehemu yangu."

Wakaondoka pamoja. Kijana alifukuzwa shule, lakini hakufukuzwa kwao. Leo ni seremala, na watoto wake wamesoma. Nargis alituonyesha haki ni nzito kiasi gani. Bibi, ambaye hakuwahi kuingia sinema, alinionyesha kwamba si mzigo wa mtu mmoja.